Maswali ya Jamvini: Mkanda Wangu Utabadilika Lini?

Mbukwenyi wasomaji. Barua nne nilizozipokea mwezi huu zinaulizia jambo moja, kila moja kwa njia yake: mkanda wa jiu-jitsu ya Kibrazili, mchezo wetu wa kupambana kwa kukabana na kubanana chini, unachukua muda gani? Nimeamua kuzijibu pamoja. Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni mhasibu, mama wa mtoto mmoja, mkanda wangu ni wa zambarau, na jioni tatu kwa wiki nasimamia jamvi dogo la mazoezi hapa Ilazo, Dodoma.

Shikamoo dada. Naendesha bajaji, naishi Nkuhungu, nina miaka 26. Nina miaka miwili na nusu kwenye jiu-jitsu, siku mbili kwa wiki, na mkanda wangu bado mweupe, una plasta mbili tu. Rafiki yangu tuliyeanza naye alihamia Dar baada ya mwaka mmoja. Huko anafanya siku tano kwa wiki, na mwezi uliopita kavikwa bluu. Akija huku likizo namgongesha vilevile kama zamani, namkaba mpaka anagonga kwa mkono kuonyesha ameshindwa. Jirani yangu wa karate kwa muda huohuo kabadilisha mikanda minne. Ni kawaida kweli, au kocha kanisahau? Nihame? – Mweupe wa Nkuhungu

Marahaba, mdogo wangu. Ni kawaida, na nadhani hujasahauliwa. Ila umeuliza kwa uchungu, kwa hiyo sitakujibu kwa mstari mmoja.

Tuanze na kanuni. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IBJJF, lililoanzishwa na Carlos Gracie Jr., limeweka muda wa chini kwa kila rangi. Mkanda mweupe haukuwekewa muda wowote: kocha akiona umeiva baada ya mwaka, sawa, na akiona umeiva baada ya miaka mitatu, sawa pia. Bluu huanzia umri wa miaka 16. Ukishaivaa unatakiwa ukae nayo angalau miaka 2, kisha zambarau mwaka mmoja na nusu, kisha kahawia mwaka 1. Mweusi hauvaliwi na aliye chini ya miaka 19. Ukijumlisha unapata miaka minne na nusu kutoka bluu hadi mweusi, kwa mtu aliyepandishwa siku ileile muda wake ulipotimia. Watu wa namna hiyo ni wachache mno. Wengi, kuanzia siku ya kwanza hadi mweusi, hutumia kama miaka 10, na wenye kazi, watoto na mgongo unaouma hutumia zaidi ya hapo.

Jirani yako wa karate hajapendelewa. Kwao ngazi ni nyingi, na mtihani una tarehe yake na orodha ya mambo ya kuonyesha. Kwetu mtu mzima ana rangi tano tu: nyeupe, bluu, zambarau, kahawia na nyeusi, na kati ya rangi moja na nyingine kuna plasta nne za kubandikwa kwenye ncha ya mkanda. Safari imekatwa vipande vichache, ndiyo maana kila kipande ni kirefu. Asili yetu ni judo. Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, shule ya judo ya Jigoro Kano, alifika Brazili mwaka 1914, akamfundisha Carlos Gracie kule Belém, naye Carlos akawafundisha wadogo zake, Helio akiwemo. Kwa miaka mingi kwao hapakuwa na rangi hizi zote. Wanafunzi walivaa nyeupe, na bluu ilikuwa ya walimu. Kila nikimvika mtu bluu pamoja na kocha wangu huwa nalikumbuka hilo. Bluu ni mkanda mkubwa, mdogo wangu. Wewe unauona kama mlango wa kuingilia, ilhali palikuwa na wakati ndio mkanda aliovaa aliyefundisha.

Mtu atakutajia BJ Penn wa Hawaii, aliyefika mkanda mweusi kwa karibu miaka mitatu, na mwaka 2000 akawa wa kwanza asiye Mbrazili kutwaa ubingwa wa dunia wa mkanda mweusi. Ni kweli tupu. Ila yeye alikuwa kijana anayeshinda jamvini, mchana na jioni, na hakuwa na bosi wa bajaji anayesubiri hesabu saa nne usiku.

Sasa hesabu yako. Ulisema siku mbili kwa wiki. Toa wiki za homa, za msiba, za gari kuharibika, tuchukue wiki 44 kwa mwaka. Hizo ni siku 88. Kwa miaka miwili na nusu umekaa jamvini siku 220. Rafiki yako wa Dar, kwa siku tano za wiki, anazimaliza siku 220 ndani ya mwaka mmoja. Ukichukua zile 88 mlizofanya pamoja, ukaongeza mwaka na nusu wa Dar, yeye ana zaidi ya siku 400. Mlianza pamoja kwenye kalenda. Jamvini amekuzidi karibu mara mbili.

Nayajua haya kwa sababu nimeyaandika. Tangu Januari 2014, nilipoanza mazoezi Dar nikiwa na miaka 31, nina kaunta buku moja la kurasa nyingi ambalo kila nikitoka mazoezini naandika tarehe na nilichokosea. Bluu nilivikwa Novemba 2016, siku ya 371. Mwaka 2017 ofisi yetu ikahamia Dodoma pamoja na Serikali, nikaja na masanduku mawili na mkanda mpya, na hapa sikupata jamvi. Tulikuwa watu watatu tunajifunzia kwenye sebule ya mwenzetu Area C, makochi yamesukumwa ukutani, zulia limekunjwa, tumetandika magodoro mawili ya wageni. Mwaka mzima wa 2018 daftari lina siku 31. Mwaka 2019 nikajifungua. Zambarau nilivikwa Julai 2023, miaka sita na miezi minane baada ya bluu. Nilipohesabu siku za bluu nikakuta 402. Kwa kalenda, bluu yangu ilikuwa ndefu kuliko nyeupe zaidi ya mara mbili. Kwa daftari, zilikaribia kulingana. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingi, kwa maana nilikuwa nimejilaumu miaka kwa uvivu ambao sikuwa nao.

Basi wewe nunua daftari. Na ongeza siku ya tatu inapowezekana. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti likiwa mjini, sikudai kitu, fedha iko barabarani na lazima uifuate. Lakini Julai wageni wakishaondoka na abiria wamepungua, ile jioni unayokaa kijiweni kusubiri zamu, ilete jamvini.

Kuhusu kumgongesha rafiki yako. Hilo halimsaidii kocha kuamua, na nitakueleza kwa nini kwa jambo nililoliona kwa macho yangu.

Kocha wetu mkuu, mwenye mkanda mweusi, anakaa Dar. Zamani alikuja kwa basi mara mbili kwa mwaka. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, tunamwona karibu kila baada ya miezi miwili. (Hili nalo lizingatie. Sisi wa huku bara tulichelewa sana, na sababu mojawapo ilikuwa hii, kwamba wa kutuvika mkanda alikuwa kilomita 450 kutoka tulipo, na huwezi kumpandisha mtu usiyemwona.) Safari moja alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, kikombe cha chai mkononi, akawa anatazama raundi. Jamvi letu ni turubai la lori tulilolishona juu ya magodoro yaliyokatwa, na siku hiyo upepo ulikuwa mkali, vumbi linaingia madirishani, tumefagia mara tatu.

Kijana mmoja wa kwetu, muuza matunda soko la Sabasaba, mwembamba, hafiki kilo 60, alikuwa chini. Juu yake kalala jamaa wa kilo 90 na ushee, kifua kwa kifua, amembana ubavuni. Mwaka mmoja kabla, kijana huyu akibanwa hivyo alikuwa akinyoosha mikono yote miwili kumsukuma mtu kama anasukuma gari lililozima, na mkono ulionyooka ndio unaochukuliwa. Safari hii alikunja kiwiko, akakiingiza shingoni mwa yule mkubwa. Mkono wa pili ukakaa kwenye nyonga yake. Akatulia. Nilimsikia akitoa pumzi taratibu. Jamaa akainua kifua kidogo ili abadilishe mshiko, na palepale kijana akasogeza kiuno nje, shibiri moja tu. Akasubiri tena. Shibiri ya pili. Goti likapata nafasi, likaingia katikati, mguu ukafuata, akawa amemrudisha kwenye gadi, yaani katikati ya miguu ya aliye chini. Raundi ikaisha hivyo. Hakuna aliyegonga. Kwa mtazamaji wa kawaida hapakuwa na kitu.

Kocha aliweka kikombe chini. Jioni ile kijana alivikwa bluu. Wengine wawili waliokuwa wamekaba watu watatu watatu walibandikwa plasta moja moja.

Nilimuuliza baadaye. Akasema kumkaba mtu kunaweza kutokana na nguvu, uzito au bahati, lakini mtu akiwa amebanwa na aliyemzidi kilo 30, kinachobaki ni kile alichojifunza. Siwezi kukuahidi kwamba kocha wako anatazama vitu hivyohivyo, kwa sababu kila kocha ana kipimo chake, na huu ndio ukweli ambao wengi hawaupendi: mkanda wetu hauna mtihani mmoja wa dunia nzima. Shirikisho limeweka miaka. Uamuzi ni wa mtu mmoja aliyekuona ukivuja jasho. Ndiyo maana sikushauri uhame. Kocha mpya atataka akuone upya, miezi sita, pengine mwaka, na zile siku zako 220 yeye hakuziona hata moja. Mfuate kocha uliye naye mkishafunga mazoezi, watu wakiwa wanakunja magi yao, yaani sare za mazoezi, umwombe akutajie kitu kimoja anachokiona bado hakijakaa. Akikutajia, unacho cha kufanyia kazi mpaka Desemba. Asipoweza kukutajia hata kimoja, niandikie tena, tuzungumze upya juu ya kuhama.

Habari za kazi, mwalimu. Mwanangu ana miaka 9, amepata mkanda wa kijivu na ameupenda sana, analala nao. Baba yake anasema kwa kasi hii atakuwa na mkanda mweusi kabla hajamaliza kidato cha nne. Ni kweli? – Mama wa Kisasa

Nzuri, mama. Hongera kwa kijana, na mwache alale nao. Baba yake amekosea kidogo tu. Watoto wana mikanda yao: mweupe, kijivu kuanzia miaka 4, njano kuanzia 7, chungwa kuanzia 10 na kijani kuanzia 13, na kila rangi hapo ina hatua tatu, wenye mstari mweupe, wa rangi tupu na wenye mstari mweusi. Mfumo huo unaishia miaka 15. Akifika 16 anaingia kwenye mikanda ya wakubwa, kwa kawaida bluu, na aliyefikia kijani kocha wake anaweza kumpa hata zambarau. Mweusi ni miaka 19 na kuendelea, hata awe na kipaji cha namna gani.

Mikanda ya watoto imewekwa mingi makusudi, kwa sababu mtoto wa miaka 9 hawezi kusubiri miaka mitatu ndipo aone kitu kimebadilika. Kwa hiyo msiipime kwa kipimo cha watu wazima. Jambo moja nakuomba: akichelewa kupandishwa muhula mmoja, msimpeleke kwa kocha kudai. Watoto huona aibu sana kwa hilo, nimeshuhudia, na yule niliyemshuhudia hakurudi.

Dada kocha, mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo. Nina miaka 49. Binti yangu anafanya huo mchezo, nimejaribu mara tano nikaupenda. Swali langu ni fupi: nitaufikia mkanda mweusi nikiwa hai? – Baba wa Hombolo

Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara mbili na nimefurahi.

Miaka 49 ukiongeza 12 ni 61. Nimeweka 12 kwa sababu wakati wa mavuno hutakuja, na Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana, na haitakuwa ajabu. Kwenye mashindano ya IBJJF kuna madaraja ya umri kuanzia miaka 30, na la mwisho ni la miaka 61 na zaidi, maana yake wapo wazee wa kutosha wanaoshindana wao kwa wao. Anthony Bourdain, yule mpishi wa Marekani aliyekuwa akizunguka dunia na kipindi cha televisheni, alianza akiwa na miaka 58, akavikwa bluu na akashinda medali New York.

Nikupe na picha ya mbele zaidi. Mkanda mweusi wenyewe una madaraja. Matatu ya kwanza ni miaka 3 kila moja, matatu yanayofuata miaka 5 kila moja, kisha 7, tena 7, kisha 10, ndipo mtu anavaa mkanda mwekundu wa daraja la tisa. Jumla ni miaka 48 baada ya mweusi. Aliyeupata mweusi akiwa na miaka 19 hawezi kuvaa mwekundu kabla ya 67. Daraja la kumi liliachwa kwa waasisi peke yao, Carlos na Helio na ndugu zao. Nakuambia haya ili uone kwamba mchezo huu ulitungwa na watu waliotarajia kuuzeekea.

Lakini nakuomba kitu kama dada. Usianze kwa kushindana na vijana wa miaka 20. Chagua wenzio wa kufanya nao raundi, mwambie mtu waziwazi, "leo goti halitaki." Gonga mapema, gonga kwa mkono, na mkono ukiwa umebanwa gonga kwa mdomo. Mtu wa miaka 22 akichelewa kugonga kiwiko chake kinapona kwa wiki mbili. Chako kinaweza kukukosesha kupogoa msimu mzima. Wenye umri wako niliowaona wakiacha, karibu wote waliacha kwa kuumia, na waliumia katika miezi sita ya kwanza, wakati bado wanataka kuonyesha kwamba wana nguvu. Nguvu unazo, jembe limeshaonyesha.

Na uje na binti yako. Baba akimwona binti akimkaba mtu mzito kumzidi, na binti akimwona baba akijifunza kitu kutoka mwanzo, nyumba inapata mazungumzo mapya.

Shikamoo dada. Nasoma UDOM mwaka wa pili. Nilivikwa bluu nyumbani Arusha, halafu nikasimama mwaka mzima na miezi kadhaa kwa sababu za masomo na mambo mengine ya nyumbani. Nataka kurudi lakini naona aibu. Najua nitapigwa na mikanda myeupe. Nina wazo la kuvaa mweupe mpaka nirudi kwenye hali yangu. Ni vibaya? – Bluu Aliyepotea

Marahaba, mwanangu. Mkanda hauishi muda wake. Hakuna kanuni inayokurudisha nyuma kwa sababu ulisimama, na wa kukuvua ni yuleyule aliyekuvika.

Mimi nilifanya hilo unalolifikiria. Nilirudi Oktoba 2020, miezi kumi na minne baada ya kujifungua. Mwili haukuwa wangu, pumzi haikuwepo, na usiku wa kuamkia siku ile nilitoa bluu kwenye begi nikaweka ule mweupe wa zamani, wenye ncha zilizochakaa. Nikajipanga mwisho wa mstari. Kocha mkuu alikuwa amekuja kutoka Dar wiki hiyo. Akapita akitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, akafika kwangu, akatazama kiunoni. Hakusema neno. Alipiga goti, akaufungua ule mkanda, akaukunja vizuri mara nne, akanipa mkononi. Kisha akasema, "Piga simu nyumbani."

Nikampigia mume wangu. Ilibidi amwachie jirani mtoto, atafute mkanda kabatini, aende kituoni kumpata bodaboda. Watu tisa walikaa chini wamegemea ukuta, wanasubiri. Nilitaka kulia, nikawaomba waanze bila mimi, kocha akakataa kwa kichwa. Mazoezi ya saa kumi na moja yalianza saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, bodaboda alipofika na bahasha ya kaki. Raundi ya kwanza nilipangiwa msichana wa mkanda mweupe, akanigongesha mara tatu ndani ya dakika tano. Tukapeana mikono, tukaendelea na raundi ya pili.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tunaanza saa kumi na moja jioni. Kutoka chuoni panda daladala, ukifika Ilazo uliza jamvi liko wapi, wanalijua. Lete bluu yako.